Mrija Uliolegea na Mgonjwa Aliyepona

Ureta ni mrija mwembamba wa nyama unaoshuka kutoka figo hadi kibofu cha mkojo, na kila binadamu kwa kawaida huzaliwa na mirija miwili ya namna hiyo, mmoja kila upande wa uti wa mgongo. Kwa mtu mzima mrija huo huwa na urefu wa kati ya sentimita 25 na 30 na upana wa milimita 3 au 4 tu, nao hautegemei mteremko peke yake kuufikisha mkojo chini, bali hujikaza kwa mawimbi yanayoanzia kwenye vikombe vya figo na kuusukuma mkojo fundo kwa fundo, kama vidole vinavyominya utumbo wa mbuzi wakati wa kuuosha. Ndiyo maana hata mtu aliyelala chali usiku kucha huamka kibofu kimejaa.

Ukuta wa mrija huo umejengwa kwa misuli laini, yaani ile misuli isiyongoja amri ya mwenye mwili, na mrija wenyewe una sehemu tatu zilizobana kuliko nyingine: pale unapotokea figoni, pale unapovuka juu ya mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na pale unapopenya ukuta wa kibofu. Jiwe dogo lililoganda figoni likidondokea mrijani hukwama mara nyingi katika mojawapo ya sehemu hizo, mkojo ukarundikana nyuma yake, figo ikatanuka kwa shinikizo, na misuli ikazidi kujikaza juu ya kitu isichoweza kukipitisha, na hapo ndipo yanapozuka maumivu ya ubavu ambayo wanawake wengi waliowahi kuyapata huyalinganisha na uchungu wa kuzaa. Mawe yasiyozidi milimita 5 hutoka yenyewe kwa takriban theluthi mbili ya wagonjwa, na yale ya kati ya milimita 5 na 10 hutoka kwa karibu nusu yao. Waliobaki huhitaji kuingiziwa vyombo, kupigwa mawimbi ya kuvunja jiwe, au kupasuliwa. Kutokana na hesabu hiyo limezaliwa swali ambalo wataalamu wa dawa wamelifuatilia kwa miongo kadhaa: je, misuli ya ureta ikilegezwa kwa dawa, jiwe litapata njia?

Katika Kolwezi na ukanda wa shaba wa Lualaba, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, swali hilo lina wenyewe. Kolwezi ni mji ulioanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya magharibi ya kampuni ya Union Minière, ambayo baada ya kutaifishwa ilirithiwa na Gécamines, na tangu mwaka 2015 ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba. Na ingawa mto Lualaba ulizuiwa kwa bwawa la Nzilo mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuacha ziwa pana linalowalisha watu wa mji samaki, mchimbaji aliyemo shimoni, au dereva wa lori la shaba anayesubiri zamu ya kuvuka mpaka wa Zambia huko Kasumbalesa, hutokwa jasho jingi na kunywa maji machache. Mtu wa namna hiyo mkojo wake huwa mzito, na mkojo mzito ndio unaoruhusu chumvi za kalsiamu na oksaleti kugandana na kuwa jiwe, na aina hiyo ya jiwe ndiyo inayoonekana zaidi duniani.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikulia Kolwezi, akasomea kazi za maabara, kisha akafanya kazi kwa miaka kadhaa barani Ulaya katika maabara ya famakolojia, elimu inayochunguza jinsi dawa zinavyotenda kazi mwilini, kabla ya kurudi nyumbani. Huko Ulaya kazi yake ilikuwa kupima vipande vya ureta za binadamu, huku nyumbani alikutana na watu wenye ureta zao, na mmoja wao, mchimbaji aliyekuwa amejikunja kwenye benchi la zahanati, alimwuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza katika chumba cha vipimo: «Munganga, hii dawa itatelemsha jiwe ao hapana?» Mafunzo yaliyoandikwa hapa yote yanatokana na umbali uliopo kati ya chumba kile na benchi lile.

Njia ya kupima dawa kwenye kipande cha nyama kilicho hai ni ya zamani. Mwaka 1904 Mjerumani Rudolf Magnus alieleza jinsi ya kuutundika utumbo uliotolewa mwilini ndani ya chombo cha maji vuguvugu ili uendelee kujikaza kama vile bado umo tumboni, na mwaka 1932 Hans Krebs na Kurt Henseleit walichapisha mchanganyiko wa maji ya chumvi unaokaribiana na majimaji ya damu, wenye sodiamu, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, bikaboneti, fosfeti na sukari ya glukosi. Maabara za leo bado zinautumia mchanganyiko huo, zikiupasha hadi nyuzi 37 za Selsiasi na kuupulizia hewa yenye asilimia 95 ya oksijeni na asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi, kwa sababu bila oksijeni misuli hufa, na bila kaboni dayoksaidi maji hupoteza ulinganifu wake wa tindikali.

Ureta yenyewe haitolewi kwa ajili ya utafiti, bali hupatikana pale daktari wa upasuaji anapoondoa figo yenye saratani, au figo ya mtu aliyejitolea kumpa mwenzake, ambapo kipande cha mrija kinachobaki kingetupwa kama mgonjwa asingeridhia kwa maandishi kitumike, na kama kamati ya maadili isingekuwa imeupitisha mpango wa utafiti mapema. Kipande hicho hufika maabara ndani ya chupa ya maji ya chumvi yaliyopoa, kimezungukwa na barafu, kikiwa cheupe na kimeambatana na mafuta ya manjano. Fundi huyaondoa mafuta kwa mkasi mdogo chini ya lenzi, hukata pete nyembamba, huzifunga kila moja kwa nyuzi mbili za hariri, uzi mmoja ukishikwa chini na kulabu na mwingine ukipanda hadi kwenye kipima mvuto, kisha huivuta pete kwa uzito wa takriban gramu moja na kungoja huku akibadilisha maji mara kwa mara. Kwa muda mrefu mstari kwenye skrini hubaki umelala. Baadaye, bila kuguswa na mtu, pete huanza kujikaza na kulegea yenyewe kwa mpangilio, na mstari huinuka na kushuka, kwa sababu mawimbi ya ureta huzaliwa ndani ya ukuta wake na wala hayangoji ubongo. Pete isipoamka yenyewe huamshwa kwa kloridi ya potasiamu, chumvi inayoilazimisha misuli kujikaza, au kwa noradrenalini, kemikali ambayo mishipa ya fahamu huitumia kuikaza misuli. Na ni baada ya hapo tu ndipo dawa inayochunguzwa hutiwa, kwanza kidogo kabisa, halafu mara kumi zaidi, halafu mara kumi tena, ili ionekane ni kiwango gani kinaanza kushusha mikazo na kiwango gani kinaifikisha mwisho.

Dawa iliyoamsha hamu ya kupimwa hivyo katika miaka ya karibuni ni mirabegron, ambayo asili yake ni dawa ya kibofu. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist wa Marekani aligawanya vipokezi vya adrenalini, yaani vile vituo vya utando wa seli ambavyo kemikali hiyo hukaa juu yake na kutoa amri, katika makundi mawili aliyoyaita alfa na beta, na mwaka 1989 watafiti waliitambua jeni ya kipokezi cha tatu katika kundi la beta, kinachoitwa beta-3. Ilibainika kwamba katika misuli ya kibofu cha binadamu kipokezi hicho ndicho kilichotawala, na kwamba kikichochewa, kibofu hulegea na kupokea mkojo mwingi zaidi kabla ya kudai kwenda haja. Juu ya ujuzi huo ndipo kampuni ya Astellas ilipotengeneza mirabegron kwa wagonjwa ambao kibofu chao hujikaza ovyo na kuwakimbiza chooni usiku na mchana. Japani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2011 na Marekani mwaka 2012.

Kutoka kibofu hadi ureta hatua ilikuwa fupi, kwa kuwa tangu mwaka 1970 Malin na wenzake walikuwa wameeleza kwamba ureta ya binadamu nayo ina vipokezi vya alfa vinavyoikaza na vya beta vinavyoilegeza, na uchunguzi wa baadaye ulikikuta kipokezi cha beta-3 katika ukuta wake. Pete za ureta zilizotiwa dawa za kundi hili zikapunguza mikazo yake, na ripoti za namna hiyo zikafungua mlango wa kuwapa mirabegron wagonjwa wenye mawe, hata kabla ya kujulikana kama dawa hiyo ingewafaa.

Hapo ndipo funzo la kwanza lilipo. Pete iliyotundikwa kwenye maji hujibu swali moja tu, nalo ni kama misuli hii, ikikutana na dawa hii kwa kiwango hiki, hulegea au hailegei. Haijui jiwe, kwa maana hakuna jiwe ndani yake. Haijui uvimbe unaoletwa na jiwe lililokwama, ambao huziba njia hata pale misuli ilipolegea. Haina shinikizo la mkojo mgongoni kwake, wala damu inayopita ikiileta dawa na kuiondoa. Tena kiwango kinachotosha kuilegeza kwenye chombo huweza kuzidi mara nyingi kile kinachofikiwa katika damu ya mtu aliyemeza kidonge cha miligramu 25 au 50, na dawa yoyote ikimwagwa kwa wingi huanza kugusa vipokezi ambavyo hakuna aliyekusudia viguswe. Tena kuna jambo ambalo wapimaji wanaofurahia mstari ulioshuka hulisahau kwa urahisi: jiwe husukumwa na mawimbi yale yale yanayoumiza, kwa hiyo ureta iliyolegea kabisa ni njia iliyo wazi isiyo na msukumo.

Funzo la pili liliandikwa kwa gharama kubwa zaidi, na dawa iliyoliandika ni tamsulosin, inayotumika kwa wazee wenye tezi dume iliyovimba. Dawa hii huziba vipokezi vya alfa, ambavyo vimejaa zaidi katika sehemu ya chini ya ureta, na maabara zilionyesha wazi kwamba huilegeza sehemu hiyo. Zikafuata tafiti ndogo nyingi kwa wagonjwa, zikiwa na watu wachache na mara nyingi bila kidonge kisicho na dawa cha kulinganishia, na karibu zote zikasema jiwe hutoka haraka zaidi, hata miongozo ya tiba ya nchi tajiri ikaipokea. Mwaka 2015 jarida la The Lancet likachapisha utafiti wa Uingereza uitwao SUSPEND, uliowagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 1,167 katika hospitali 24, wengine wakipewa tamsulosin, wengine nifedipine, dawa ya shinikizo la damu ambayo nayo hulegeza misuli laini, na wengine kidonge kisicho na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepata nini. Baada ya wiki 4, waliokuwa hawajahitaji tiba zaidi walikuwa asilimia 81 kwa tamsulosin, 80 kwa nifedipine na 80 kwa wale waliomeza kidonge kitupu. Utafiti mwingine mkubwa wa Uchina, wenye wagonjwa 3,296 ambao mawe yao yalikuwa sehemu ya chini ya ureta, ulipata asilimia 86 kwa dawa na 79 bila dawa, na faida yenyewe ikaonekana kwa mawe yaliyozidi milimita 5. Kwa hiyo chombo cha maabara hakikusema uongo, kwani misuli ililegea kweli. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba kulegea huko ndiko mgonjwa alikokuwa akikuhitaji, na ushahidi huo ulipokuja, ulikuja na jibu dogo, kwa mawe ya ukubwa fulani, mahali fulani.

Kinyume cha kisa hicho kipo karibu na Katanga, jimbo la zamani ambalo Lualaba ilikuwa sehemu yake, kuliko London, nacho ni cha kichocho. Minyoo ya kichocho cha mkojo hukaa katika mishipa ya damu kuzunguka kibofu, hutaga mayai yanayopenya ukuta wa kibofu na wa ureta, na mayai yanayobaki ndani huzungukwa na makovu na chokaa mpaka mrija ukabana na figo ikatanuka. Mwaka 1965 na 1966 D. M. Forsyth na George Macdonald walichapisha picha za eksirei za wanafunzi wa shule ya Usagara huko Tanga na shule ya Donge kisiwani Unguja, zikionyesha ureta na figo zilizoharibika kwa watoto waliokuwa wakihudhuria masomo kama kawaida. Dawa ya praziquantel, iliyotokana na ushirikiano wa kampuni za Merck na Bayer za Ujerumani, ilipofanyiwa majaribio kwa wagonjwa wa kichocho cha mkojo nchini Zambia mwishoni mwa miaka ya 1970, matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 1979 yalionyesha kwamba dozi moja inayohesabiwa kwa uzito wa mwili inatosha kuwaangamiza minyoo wengi. Tangu hapo imemezwa na mamilioni ya watoto wa Afrika Mashariki na Kati. Ilijulikana mapema kwamba dawa hiyo huwajaza minyoo kalsiamu na kuwakaza misuli mpaka wakapooza, lakini mlango hasa ambao dawa huufungua katika seli za mnyoo ulitambuliwa mwaka 2019 tu, takriban miaka 40 baada ya wagonjwa kuanza kupona.

Visa viwili hivi vikiwekwa pamoja, mpangilio wa thamani ya ushahidi huonekana bila maelezo mengi. Tamsulosin ilikuwa na maelezo kamili ya jinsi inavyotenda kazi, ikapungukiwa na wagonjwa waliopona. Praziquantel ilikuwa na wagonjwa waliopona, ikapungukiwa na maelezo, na hakuna mzazi wa Donge au wa Zambia aliyepata hasara kwa upungufu huo. Hii haina maana kwamba chombo cha maabara hakina kazi, kwa maana bila hicho hakuna mtu angejua aanzie wapi, wala asingejua kwamba ureta iliyobanwa na kovu la kichocho haiwezi kufunguliwa na dawa yoyote ya kulegeza misuli, kwa sababu kovu halina misuli ya kulegea wala kipokezi cha kuchochea. Maana yake ni kwamba maabara huchagua maswali, na kitanda cha mgonjwa ndicho kinachoyajibu.

Lualaba inafahamu upande mmoja wa kazi hiyo vizuri sana, nao ni upande wa kutoa sampuli. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa chuo kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji na wenzao, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo wa watu waishio karibu na migodi na viwanda vya Katanga, vilivyoonyesha viwango vya kobalti ambavyo havijawahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida mahali pengine. Na mwaka 2018 wakachapisha uchunguzi wa mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, ambako wenyeji walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na ambako wenyeji walikutwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa wa jirani, tofauti hiyo ikiwa kubwa zaidi kwa watoto. Kazi hiyo ni mfano wa heshima, kwa kuwa mtafiti wa Kikongo alikuwa mwenye swali na hakuwa mbeba chupa tu. Hata hivyo mkojo wa Kolwezi ulisafiri mbali kabla ya kusomwa, na dawa zinazorudi kwa njia ile ile zimepimwa kwa watu ambao hawachimbi shimoni, hawana kobalti nyingi mwilini, wala hawajapata kichocho utotoni.

Umbali huo si wa milele. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili nchini Tanzania ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwezi Novemba 2017, na kila hospitali ya kanda hii inayopandikiza au kuondoa figo inabaki na kipande cha ureta mkononi mwa daktari wa upasuaji. Chombo cha kupimia si mashine ya mabilioni. Ni kioo, pampu ya maji vuguvugu, mtungi wa gesi, kipima mvuto na kompyuta ya kawaida, na kinachokosekana mara nyingi ni umeme usiokatika na fundi aliyefunzwa kungoja pete iamke. Jambo gumu zaidi, na lenye faida zaidi, ni kuandaa utafiti wa wagonjwa wa hapa hapa, uliogawanywa kwa bahati nasibu, unaohesabu ni nani aliyetoa jiwe na ni nani aliyepoteza figo, badala ya kuhesabu gramu za mvuto.

Mpaka siku hiyo, mtu wa Lualaba anayepewa dawa ya kulegeza ureta anayo haki ya kuuliza mambo matatu: kama dawa hiyo imejaribiwa kwa watu wenye mawe au kwa vipande vya nyama tu, kama ililinganishwa na kidonge kisicho na dawa, na kama madhara yake yanamhusu, kwa mfano mirabegron, ambayo hupandisha shinikizo la damu na haipaswi kupewa mwenye shinikizo kali lisilodhibitiwa. Tamsulosin inaweza kumsaidia kidogo mwenye jiwe linalozidi milimita 5 lililokwama sehemu ya chini ya mrija. Mirabegron ibaki kwa sasa dawa ya kibofu. Lililo hakika kwa kila mmoja ni kunywa maji mengi kabla jiwe halijaganda, kutibiwa kichocho mapema kabla kovu halijaota, na kumkimbiza hospitali bila kungoja kidonge chochote kila mwenye maumivu ya ubavu anayepata pia homa, anayekosa mkojo, au aliyebakiwa na figo moja, kwa sababu huyo hana muda wa kusubiri misuli ilegee.